Sikio Ulilonikabidhi

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa mwandiko uleule uliokuwa ukiwaonyesha wateja. "Karani wangu huyu," uliwaambia, "kamaliza kidato cha nne." Waliutazama, wakakupa kazi.

Unakumbuka miaka ile saruji ilipoanza kuuzwa madukani bila kibali? Bariadi nzima ilitaka kuongeza chumba. Mama Kulwa, muuza mitumba, alitaka duka nyuma ya nyumba yake, kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Kwenye msingi hukuamini futi. Uliuangusha mtaimbo mtaroni ukainamisha kichwa. Ukizama kimya, mafundi walichimba tena. Ukigonga ardhi ngumu ukalia, ndipo mawe yaliingia.

Kisha ukaitwa msibani Nkoma.

"Nakuachia sikio langu," uliniambia. "Mawe yasiingie kabla mtaimbo haujalia."

Kesho yake mvua ilinyesha. Masanja, fundi wako mkuu, aliniita kutoka mtaroni.

"Karani, shuka usikilize! Au unaogopa viatu vitalia kabla ya chuma?"

Mafundi wakacheka. Niliona aibu, nikaona na tope. Karatasi yangu ilisema futi mbili, na futi mbili zilikuwa zimefika.

"Wekeni mawe," nikasema. Masanja alinitazama, akatii, maana uliwaambia neno langu ni lako.

Uliporudi uliniuliza swali moja tu. "Mtaimbo ulilia?"

"Ulilia, baba."

Masika ya pili ukuta ulipasuka kutoka dirishani hadi chini, ufa wa kuingiza kiganja. Mama Kulwa alifoka mbele ya majirani. Masanja aliangalia miguu yake. Wewe ulinitazama mimi. Nilikuwa nimekumbatia daftari, nangoja unitaje.

"Nisamehe, mayu, mama yangu," ulisema. "Ni masikio yangu. Uzee."

Tangu siku hiyo hukupata kazi. Sokoni wakakuita Fundi Kiziwi, nawe ukacheka nao. Hata nyumbani ulijifanya husikii, mama akuite mara tatu ndipo uje kula, ili uongo wako unisitiri vizuri. Lakini siku moja kalamu yangu ilianguka sakafuni, ukageuka. Tulitazamana. Hata hapo sikusema.

Tulikuzika ukiwa na jina hilo.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Mama Kulwa na mtaimbo wako. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu, nikamweleza yote.

"Miaka yote hii namsema marehemu," alisema, "na wewe unanipita hapa na tai shingoni?"

Akanionyesha ukuta. "Chimba."

Nilivua viatu. Nilichimba kando ya ufa hadi mchana, viganja vikachubuka. Kila nilipouangusha mtaimbo ulizama kimya. Shimo liliponifika kifuani, ulilia. Mama Kulwa aliusikia akiwa jikoni, akatoka, akasimama juu ya shimo.

"Kumbe mzee alikuwa anasikia," alisema polepole.

Hakusema amenisamehe. Nitampelekea nakala ya barua hii, awasomee wa sokoni. Naogopa watakavyoniita, lakini jina la Kiziwi lilikuwa langu tangu mwanzo.

Pumzika, baba. Huna haja tena ya kujifanya husikii.

Mwanao, karani wako.