Shikamoo Ukumbini

Mwanaidi mjukuu wangu,

Huku Makorora hatujambo, na mama yako mguu umepona. Umeniuliza utamwulizaje balozi mstaafu swali mbele ya ukumbi mzima wa chuo bila kutetemeka.

Nilipokuwa chuoni kama wewe, alikuja waziri kuzungumzia soko la mkonge duniani. Wenzangu walianza na "Mheshimiwa", naye akawajibu macho yakiwa kwenye karatasi. Mimi nikaanza na shikamoo, kama ningemwamkia mzee yeyote mtaani Ngamiani. Ukumbi ukacheka. Waziri akainua uso, akaitika marahaba. Hapo nikamwuliza wakata mkonge kama baba yangu watapata nini, akanijibu bila karatasi.

Wakicheka, waache wacheke. Wewe amkia, usubiri aitike. Akishaitika, hawezi tena kujifanya hakukuona.

Bibi yako, ambaye hajaacha kuuliza