Mama Mkwe Amenifyekea Msitu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamtamkia mama mkwe neno ambalo halitarudi kinywani.

Mimi ni mfyatua matofali, nilianza na kalibu moja ya kuazima na leo nina wafanyakazi sita, na kwa matofali hayohayo nilinunua ekari tatu kando ya nyumba ya mama mkwe, ekari ambazo mahindi yalishazichosha, na kwa kuwa tanuri langu limekula miti miaka kumi na tano nikaona nirudishe kidogo, nikaingia mkataba na mradi unaolipa wakulima waache miti ya asili irudi, maana kuna kampuni za mbali zinazonunua hesabu hiyo, yaani aina za miti, ndege na vipepeo waliorudi shambani, na mwaka jana, wa tatu, wakaguzi walihesabu miche mia nne na kumi na miwili ya aina ishirini na sita, sikupanda hata mmoja, na majirani wakanicheka eti nafuga nyoka, nikavumilia.

Wakaguzi wanarudi baada ya wiki tatu. Nilimpigia simu mama mkwe nikamwambia wageni wanakuja kuangalia shamba. Basi. Yeye akaita wanawake wa jirani, wakafyeka siku nne. Nilipofika Jumamosi shamba lilikuwa jeupe kama uwanja wa mpira, mafungu ya majani yamepangwa pembeni, naye yuko mlangoni anangoja shukrani. "Mwanangu, nimekutoa aibu. Wageni wangekuta pori, wangesema umeolewa kwa wavivu."

Nikaingia shambani kuhesabu iliyobaki, naye akanifuata. Ameacha miche kumi na mmoja tu, eti huu dawa ya tumbo, huu wa kifua, ule mbao yake hailiwi na mchwa. Mume wangu anasema tung'oe miche kwenye msitu wa mtoni tuichomeke shambani, nani atajua. Mimi nataka mama ahamie kwa shemeji. Mkataba umebakiza miaka saba, siwezi kulinda shamba na panga lake pia. Nifanye nini?

Mfyatua Matofali

*

Mfyatua Matofali, pole. Kuchekwa miaka mitatu halafu ukute uwanja wa mpira, inauma.

Ila wewe ni mtu wa hesabu, na kuna kitu hukukihesabu: mara ngapi ulikaa na mama mkwe ukamweleza kwamba pori hilo ndilo zao lako. Katika barua nzima naona simu moja, na hata hiyo ulisema "wageni". Mwenye adabu akisikia wageni, anafagia. Ulitaka afanye nini?

Leo hii mpigie tena: asichome yale mafungu. Anayefyeka kwa ajili ya wageni kwa kawaida humalizia na kiberiti. Mizizi ina miaka mitatu na zaidi, mingi itachipua mvua ikinyesha, lakini ikipitiwa na moto umekwisha. Majani yatandazwe yafunike udongo, visiki visichimbwe.

Kesho upigie mradi simu, useme kilichotokea, mwenyewe, kabla hawajaja kujionea. Huenda mwaka huu usilipwe. Kubali. Umeshawahi kupoteza tanuri zima kwa mvua ukaanza upya, au nakosea?

Mumeo mwambie hapana. Mche wa kuchomeka hunyauka ndani ya siku tatu, mkaguzi atauona akiwa barabarani, na mtakuwa mmetoboa msitu wa mtoni ili kuziba wa kwenu.

Sasa mama. Amefyeka miche mia nne na mmoja, akatambua kumi na mmoja kwa kutazama majani tu, kila mmoja na kazi yake. Na wewe unataka kumpeleka kwa shemeji? Wakaguzi wakifika, atangulie yeye. Wewe fuata nyuma na daftari, uandike anachotaja, hata kwenye visiki.

Na zile shukrani alizokuwa akingoja mlangoni, nenda kampe. Miche iliyosimama leo imesimama kwa sababu yake.