Meza Yangu ya Kazi Imegeuzwa Uwanja wa Mpira

Mpendwa Bi Shamsi,

Naomba msaada wako na naomba uniwahi, maana Jumamosi hii gari linakuja kuchukua vitu vyangu na mpaka ninapoandika hapa sijui kama nahamisha meza tu au ndiyo naondoka kwangu, na tafadhali majina yetu yabadilishe.

Mimi ni mzaliwa wa Tarime, huku Kigoma niliingia kwa kumfuata kaka yangu Obedi, daktari aliyepangiwa kazi Kibondo, na ni huko Kibondo nilikokutana na mume wangu Felician, Muha wa Muyama, wakati huo akiwa mtunza stoo wa shirika moja lililokuwa linahudumia wakimbizi wa kambi ya Mtendeli, mtu wa fulana ya kazi na funguo kiunoni, ukipita naye sokoni anasalimiwa huku na huku mpaka mnachelewa kufika. Tukaoana, tukampata binti yetu Vero. Kambi ilipofungwa na kazi yake ikaishia hapo, akasema twende Kasulu, mji umechangamka, hatakosa kitu. Bi Shamsi, amekosa. Analima, anamsaidia huyu na yule kupakia mizigo, lakini kazi ya kuitwa kazi hajapata mpaka leo, na ile fulana bado anaivaa mpaka maandishi ya mgongoni yamefutika.

Mimi kazi yangu naifanyia nyumbani. Naandika yale maneno yanayopita chini ya video, mara nyingi video za mafunzo ya afya, kwa kampuni moja ya Dar es Salaam, ili viziwi na watu wanaotazama bila sauti waweze kufuata, na kazi hiyo ukitaka uifanye vizuri unahitaji skrini zaidi ya moja, ya kwanza inaonyesha video, ya pili unaandikia, ya tatu unaweka kamusi na maelekezo ya ofisini, halafu unahitaji spika nzuri, kwa sababu mimi masikio yangu yaliwahi kutoka usaha na nikakatazwa kabisa kuvaa vile vidude vya kusikilizia vya kuziba masikio.

Na meza hiyo, ili usije ukamuona mume wangu ni mnyama, aliitengeneza yeye kwa mikono yake. Alipata mbao za mninga, akanikalisha kwenye kiti, akapima macho yangu yanapoangalia, akakata vipande vya kuinulia skrini kwa sababu nilikuwa nalalamika shingo, mbili akazipanga mbele yangu na ya tatu akailaza kidogo upande ili nisigeuze kichwa sana, akatoboa tundu nyuma ya meza nyaya zipite, akazifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, chini ya spika akaweka sponji ili meza isitetemeke, halafu akaigeuza yote mwanga wa dirisha usinipige usoni. Kila akimaliza jambo ananiuliza, "Shingo?" Nasema sawa. "Macho?" Sawa. "Hiyo sauti unaisikia inatoka katikati, au upande mmoja?" Nikasema katikati, akacheka kama mtoto. Sijawahi kupewa kitu kama kile na mtu yeyote.

Sasa mvua za masika zikaezua lile banda la mtaani wanakotazamia mpira, na siku hiyo kulikuwa na mechi kubwa, Felician akaniuliza kwa adabu kabisa kama rafiki yake Sylvesta anaweza kuja kutazama kwenye skrini yangu mara moja tu. Nikasema aje. Akaja Sylvesta na wenzake wawili, wakakaa kitandani chumba cha ndani, wakatazama, wakanishukuru, "Asante sana shemeji," wakaondoka. Wiki iliyofuata wakawa wamejaa mpaka mlangoni. Iliyofuata Felician akasema chumba cha ndani hakina hewa, akaihamishia meza sebuleni. Halafu akagundua kwamba skrini tatu zinaweza kuonyesha mechi tatu kwa mpigo, Bi Shamsi, hapo ndipo nilipopoteza nyumba. Sylvesta akaleta mabenchi. Skrini moja ikageuzwa dirishani iwatazame walioko barazani. Na mume wangu katikati, kwenye kiti changu, anaongeza sauti, anapunguza, anawapanga wafupi mbele warefu nyuma, anatuliza wanaogombana, na watu wanamwita bosi.

Siku hizi si mpira peke yake, ni marudio ya mpira, ni mahojiano ya makocha, ni miziki ya kusubiria mpira. Kompyuta kubwa imebaki kwao, mimi na ile yangu ndogo tumekuwa watu wa kutangatanga, nikikaa jikoni moshi unaniumiza macho, nikikaa chumbani ukuta wote unaunguruma kwa sababu spika zile ni nzuri kweli, nimekaa chini ya upenu wa jirani mpaka jirani akaniuliza kama nimefukuzwa, na kuna siku nilienda kukaa kwenye benchi la wagonjwa hospitalini nikijifanya namsubiri mtu, kwa sababu tu pale watu wananong'ona. Silali vizuri, chakula nakila nimesimama, Vero akiniita nashtuka.

Sasa sikiliza kilichonipata. Mwezi uliopita nilikuwa namalizia video ya muuguzi anayefundisha wazazi, niko jikoni, sebuleni wakapiga kelele ya goli, nami nikaandika, "Mpe mtoto dawa hii kabla hajala." Muuguzi alikuwa amesema, "Usimpe." Nikaituma. Firdausi, dada anayekagua kazi zetu huko Dar, akanipigia simu sauti yake ikiwa imebadilika, "Ghati, isome tena hiyo sentensi, isome kwa sauti." Nikaisoma. Nikakaa chini pale pale kwenye majivu. Aliirekebisha, haikutoka kwenda kwa watu, lakini akaniambia ikitokea nyingine kama hiyo hataweza kunitetea, na mimi wala simlaumu, maana kila nikifumba macho namuona mama kiziwi ameshika kijiko.

Jumapili iliyofuata nikaenda sebuleni, wamejaa, nikasema, "Baba Vero, naomba kelele zipungue, nina kazi." Akasema bila kugeuka, "Mama Vero, mechi inakwisha sasa hivi." Nikasema kila siku inakwisha sasa hivi. Hapo akasimama, tukatoka nje, na hakunifokea, ingekuwa afadhali angenifokea. Alisema, "Mtendeli watu walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwangu. Hapa Kasulu nimekaa nikipita njiani hakuna anayejua jina langu. Sasa wanakuja. Unataka wasije hata hapa?" Nilienda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nikampigia kaka Obedi nikamwaga yote, hata ile sentensi ya dawa, na kaka akakasirika akasema nyumbani kwake Kibondo kuna chumba kimekaa bure, nifunge meza na skrini na spika, atatuma gari Jumamosi, nikafanye kazi kwa amani na Vero atahamishiwa shule ya huko. Nikakubali. Jana nikaanza kukunja nyaya. Felician akaingia, akaniona nimepiga magoti nyuma ya meza, akaangalia, akaangalia, nikajua sasa itakuwa vita. Akasema, "Skrini usizilaze kifudifudi, zitapasuka. Zisimamishe, katikati uweke godoro la Vero." Akatoka.

Bi Shamsi, hayo maneno ni ya mtu anayenipa ruhusa au anayeniaga? Nikienda nimemvunja, nikibaki siku moja nitaandika neno litakalomuua mtoto wa mtu. Nifanye nini?

Ni mimi,
Ghati, Kasulu.

BI SHAMSI ANAJIBU

Ghati, kwanza acha hizo nyaya, ukae. Ukae kwenye kiti chenye mgongo. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumatano kwa sababu gazeti linafika Kasulu Ijumaa na gari lako ni Jumamosi, na mambo ya kuamuliwa barabarani huwa siyapendi.

Pole sana. Kazi yako ni kazi. Naanza na hilo kwa sababu katika barua nzima umeiombea kazi hiyo nafasi kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mwanamke anayeshika mikononi maneno ya dawa za watoto hafanyi kazi jikoni kwenye moshi wala hajifichi kwenye benchi la wagonjwa. Mumeo amekosea, tena sana. Kukutengenezea meza kwa upendo hakumpi haki ya kukunyang'anya. Na hao mashemeji wanaoshukuru kila wiki, hakuna hata mmoja aliyejiuliza mwenye nyumba amekaa wapi?

Lakini hata wewe nina ugomvi nawe. Barua yako nimeisoma, nikairudia. Habari ya "mpe" na "usimpe" anaijua Firdausi. Anaijua kaka yako Kibondo. Mimi nisiyekufahamu naijua. Sijaona popote ulipomwambia Felician! Ulichomwambia yeye, mbele ya kundi la watu, ni kwamba kelele zipungue. Mwanamume ameambiwa apunguze sauti ya mpira, anadhani mkewe amechoka na wageni wake, na wageni wake ndio heshima pekee iliyobaki kwake. Ulimficha kwa nini? Nadhani uliogopa kumuonyesha kwamba wewe una kazi kubwa na yeye hana. Ulimhurumia. Huruma ya namna hiyo inamfanya mtu mzima kuwa mtoto, na mtoto hashirikishwi mambo ya nyumba.

Unaniuliza maneno ya skrini yana maana gani. Sijui, na wewe hujui, kwa sababu hukumuuliza. Mtu huyo umeishi naye, ana masikio mazima.

Fanya hivi. Leo mchana, Vero akiwa shule, mkiwa wawili tu, umkalishe kwenye kiti chako, umchezee ile video, umuonyeshe ulichoandika. Usimhubirie. Muache aone. Akishaona, mwambie meza inarudi chumba cha ndani leo hii, ukutani ilipokuwa, mlango utatiwa kufuli na funguo unashika wewe, na skrini zako hazitazamiwi mpira tena, hata fainali, hata akiomba mkwe. Hili halina mjadala.

Halafu, Felician. Umeandika mwenyewe kwamba anawapanga wafupi mbele, anatuliza wagomvi, anajua sauti itokee wapi. Huyo si mvivu. Lile banda lililoezuliwa lina mwenyewe, na mwenyewe anahitaji mtu wa kulisimamisha na kuliendesha. Aende akazungumze naye yeye na huyo Sylvesta wake. Usiende kumzungumzia wewe. Umenielewa? Usiende.

Akikataa kusikia baada ya kuona ile sentensi, panda gari uende Kibondo na kichwa chako juu, hakuna atakayekulaumu na akikulaumu mtume kwangu. Ila usiende akiwa hajui kwa nini. Na kaka yako mwambie ahsante, asubiri simu yako, asitume gari kwa hasira zake.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Lakini Ghati, Kasulu kuna sebule ngapi zenye skrini tatu na mabenchi? Ijumaa mchana mumeo atajisoma humu. Mwambie leo.

Gazeti likiwa halijaenda mtamboni, Ghati alinijibu, na ameniruhusu niweke hapa:

"Bi Shamsi, nimemwambia. Aliitazama ile video, akasoma nilichoandika, akaniomba nizime sauti, akaitazama tena kimya kimya. Akasema, 'Na kiziwi angejuaje?' Nikasema asingejua. Akauliza, 'Obedi aliyajua haya kabla yangu?' Nikasema ndiyo. Hilo lilimuuma kuliko mengine yote, na nilimuomba radhi, na hajaniambia kama amenisamehe. Tulikuwa bado tumekaa hivyo Sylvesta akapiga hodi mlangoni, 'Bosi, vikosi vimeshatangazwa?' Felician akaenda kusimama mlangoni, mkono mmoja huku na mwingine huku. Akasema, 'Leo hapana. Mama Vero yuko kazini.' Meza tumeirudisha ndani pamoja. Kaka nimemwambia gari lisije Jumamosi hii. Jumamosi nyingine sijui, Bi Shamsi. Nimekaa mbele ya skrini, video nimeifungua, neno la kwanza bado sijaliandika."

Ya Jumamosi nyingine utaijua ukiifikia. Kunywa maji, funga mlango, andika.