Mikono ya Mama Akinyi wa Sori

Mama mpenzi,

Natumai mvua imefika Taita nanyi nyote ni wazima. Tangu nije huku Sori kufundisha shule mpya ya harambee, shingo yangu ilikuwa imekakamaa, hata kugeukia ubao ikawa taabu. Jana jirani yangu, Mama Akinyi, alinilaza mkekani. Aliigusa shingo kidogo, akaacha, akangoja.

"Kanda kwa nguvu," nikamwambia.

"Hapana, mwalimu. Nilijifunza na mtoto yangu, alizaliwa miguu imekakamaa. Nikikaza, analia. Nikigusa polepole, mwili inalegea yenyewe."

Nikalia, Mama. Tangu unikumbatie tukiagana, hakuna aliyekuwa amenigusa.

Wasalimie wadogo zangu. Shingo imepona, lakini kesho nitamwambia Mama Akinyi bado inauma.

Mwanao akupendaye,
Mghoi