Ukuta Ule Hauna Unyevu

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Msifunge komeo, ufunguo wangu sijauona.

Ulipowapeleka watoto shule, yule dalali uliyemwajiri atutafutie fleti alipiga simu, akauliza kama tunaichukua ile ya ghorofa ya nne. Nikamwambia ukuta una unyevu, tumeghairi. Nilimdanganya. Ukuta ni mkavu. Ni magoti yangu yaliyogoma kwenye ngazi juzi, nami nikaona haya kukwambia baada ya kujigamba mbele ya wajukuu. Usicheke.

Nakwenda ofisini kwake kabla hajampa mtu mwingine.

~~Tafuteni nyingine ya chini.~~ Nunueni hiyohiyo, watoto wamechoka kulala sebuleni. Ila mniwekee kiti ghorofa ya pili.

Baba