Mchwa wa Mama Ayikoru

Pajulu, Arua, 1976

Mke wangu Mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Kifua chako kimepoa? Na Zuhura ameacha kunyonya kidole? Mimi mzima, ila nimekuwa mtu wa kuota mchana. Nikiinama kuwamwagia kuku maji nakuona wewe huko Kibos, unafagia uwanja, na maji yanafurika miguuni nisijue.

Unakumbuka sharti la Mjomba: vifaranga wake wa kizungu wakinenepa kabla ya Idd, ananipa nyumba ya nyuma nikuite. Wakidumaa, narudi mikono mitupu. Basi ile dawa ya unga ya kuchanganya na chakula haipatikani tena Arua, na unga wa samaki umekuwa hadithi. Nilibaki na mahindi na mashudu ya simsim. Vifaranga wakawa miguu mirefu, kifua hakuna, kama mimi siku ile nilipokuoa.

Nikaona watu wa hapa wanajaza chungu nyasi na kinyesi cha ng'ombe, wanakipindua juu ya kichuguu, na asubuhi kimejaa mchwa. Nami nikapindua changu kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya banda. Wallahi, vifaranga waliwagombania wale mchwa, na vifua vikaanza kujaa! Nilikaa mlangoni nikiwatazama, weupe watupu wanatiririka huku na huku, hata nikasahau kula.

Mtoto wa Kibos ningejuaje kwamba hapa kila kichuguu kina mwenyewe? Akaja Mama Ayikoru, mjane jirani yetu.

"Wewe naiba," akasema. "Hii kichuguu iko ya bwana yangu. Mvua ikikuja, kumbikumbi itatoka wapi? Wewe nalisha kuku mboga ya watoto yangu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaondoa chungu. Vifaranga wakarudia kudonoa mahindi kwa uvivu, nami nikaiona nyumba yetu inakwenda zake. Mwishowe nikaenda kwake na kuku mmoja, kuomba msamaha. Hata kumgusa kuku huyo hakutaka.

"Bibi yako iko wapi?" akauliza.

"Yuko Kibos, Kenya. Sina nyumba ya kumweka."

Akanitazama, akacheka. "Chukua mchwa kwa ile kichuguu ndogo, karibu na mto. Hii kubwa wacha. Bibi yako akikuja, nitafundisha yeye kupiga ngoma hapa, kumbikumbi ifikiri ni mvua. Wewe hapana. Wewe iko na haraka."

Jana Mjomba alimnyanyua kuku mmoja, akampima kwa mkono, akampima tena. Akanipa ufunguo wa nyumba ya nyuma. Nililia, mke wangu, tena mbele yake.

Nisalimie mama mkwe, na kaka yako fundi cherehani, na shangazi anayekusomea barua hii. Mwambie asikohoe akifika hapa chini.

Nimelala humo usiku wa kwanza. Kitanda ni kipana. Nilijibana upande wa mlangoni. Ule wa ukutani ni wako, sijaulalia.

Mumeo,
Baba Zuhura