Alianza Kwetu

Jumatatu, 7 Julai

Asubuhi nzima simu. Wazazi wa watoto waliomaliza kidato cha nne. Mmoja wa Kwashemshi kaniuliza kama chuo chetu kina maji. Nikasema yapo. Yapo, siku nyingine.

Mchana Mkuu wa Chuo kaniita. Kaona bango jipya la chuo cha Handeni, limesimikwa hapa hapa Korogwe, karibu na stendi. Juu yake yupo Hadija, yule mtangazaji wa kipindi cha wafugaji kwenye televisheni. Kampakata mwanambuzi, anacheka. Maneno: "Handeni ndiko nilikofundishwa." Mkuu alikuwa amekasirika sana. Anasema Hadija alisoma kwetu kwanza, akafika hadi mwaka wa pili, ndipo akaenda kule. Sikujua. Wakati huo nilikuwa sijaajiriwa. Naagizwa nitengeneze bango kubwa kuliko lao. Maneno kayachagua mwenyewe: "Alianza kwetu."

Handeni tunashindana nao kwa kila kitu. Wanafunzi, mpira, hata ng'ombe wa maonyesho.

Jioni nikamsimulia Mbwana. Akaacha kula. "Waachieni tu hao Handeni," kasema. Mume wangu huyu, mkuu wa idara ya mifugo, ambaye hajawahi kuwaachia Handeni hata mpira wa kona.

Nimeshangaa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimempigia Hadija kuomba ruhusa ya kutumia picha yake. Nilitegemea kupokewa na msaidizi, kapokea mwenyewe. Sauti ile ile ya kwenye televisheni. Mchangamfu. Kauliza habari za Korogwe, habari za machungwa. Nikajieleza: afisa uhusiano, chuo fulani, tunajivunia wewe. Akapoa kidogo. Kisha akauliza, "Idara ya mifugo siku hizi inaongozwa na nani?"

Nikasema Mwalimu Mbwana. Sikusema ni mume wangu, haikuwa na haja.

Nilidhani simu imekatika.

"Picha yangu msiitumie," kasema. "Sitaki." Ndipo ikakatika kweli.

Mkuu kaambiwa, kacheka. Picha ya darasa lao ni mali ya chuo, anasema, wala hatuhitaji ruhusa ya mtu. Kaitoa mwenyewe kwenye albamu. Hadija mwembamba, koti jeupe, mstari wa mbele. Mbwana kasimama nyuma yake, kijana, ndevu bado hazijajaa.

Jumapili, 13 Julai

Siwezi kujidanganya. Nina wivu.

Nimemuuliza Mbwana kama anamkumbuka. "Wanafunzi ni wengi," kasema, huku anafunga kamba za viatu. Mbwana huyu huyu tukitembea sokoni anawaita watu kwa vijiji vyao. Wewe wa Vugiri, mama hajambo? Wewe wa Mkumbara, ulimaliza lini? Anawakumbuka hata waliokaa muhula mmoja. Huyu ambaye nchi nzima inamjua ndiye kamsahau.

Simu yake siku hizi inalala kifudifudi mezani.

Nimejitazama kwenye kioo muda mrefu. Hadija ni mzuri. Ndiyo hivyo.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda mabwenini kwa Bi Mwajabu. Ni matroni tangu chuo kinafunguliwa, anamjua kila msichana aliyewahi kulala pale. Nikampa shikamoo, nikajifanya natafuta habari za kuweka kwenye tangazo. Hadija alikuwaje?

"Mpole. Msomi. Darasani walikuwa wanamkimbilia yeye awaelekeze."

Basi kwa nini aliondoka?

"Hakuondoka. Alidisko."

Nikacheka, nikidhani anatania. Mwanafunzi anayeelekeza wenzake anafukuzwaje kwa kufeli? Bi Mwajabu akaendelea kukunja mashuka. Somo moja, kasema. Akarudia mtihani, akafelishwa tena. Alisema hivyo hivyo: akafelishwa. Nikauliza somo la nani.

"Mwanangu, nyumbani kwako una mtu wa kumuuliza."

Hakutaka kuniangalia. Nimerudi ofisini.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemuuliza. Karudi msikitini, kavaa kanzu yake nzuri, nikamuuliza hapo hapo mlangoni. Baba Nuru, huyo Hadija ulikuwa unampenda?

Akacheka. Kicheko kirefu, cha mtu aliyetua mzigo. "Wivu tu huo, Mama Nuru." Akanishika bega.

Ningefurahi. Lakini kile kicheko kimenitisha kuliko kama angekasirika. Ni kama alikuwa anangoja swali jingine, mimi nikamuuliza lililo jepesi.

Jioni kaleta kuku. Kamchinja, kamnyonyoa mwenyewe. Kaosha na vyombo. Binti yetu Nuru kashangaa, kaniuliza kama baba anaumwa.

Jumatatu, 21 Julai

Bango limeletwa kutoka Tanga. Limekunjwa, limeegemezwa ukutani ofisini kwangu kama mgonjwa.

Kwenye kikao Mbwana kapinga kusimikwa kwake. Sababu juu ya sababu. Hadija atatushitaki. Gharama. Upepo utaliangusha. Watu wakatazamana. Baada ya kikao Mkuu kanibakiza, kafunga mlango. Anadhani Handeni wamemnunua mume wangu. Wanamtaka akaongoze idara yao, anasema, ndiyo maana anawalinda. Kaniomba nimchunguze nyumbani: anazungumza na nani, anakwenda wapi.

Nimekubali. Sijui nimekubali kwa ajili ya nani.

Ofisi nzima inanong'ona. Nikiingia jikoni kuchukua chai wananyamaza.

Jumanne, 22 Julai

Nuru kauliza tena. Anataka kusoma mifugo chuoni kwetu, alale bwenini na wenzake. Baba yake kakataa tena. Asome mbali, chuo cha watawa, wasichana watupu. Sisi Waislamu, mtoto apelekwe kwa watawa! Nikasema kwetu ni jirani, wewe mwenyewe upo pale, utamwangalia. Kagonga meza. "Nimesema hapana."

Hajawahi kugonga meza. Nuru kalia.

Jumamosi, 26 Julai

Nimemdanganya Mbwana. Nimesema nakwenda Mkumbara kumwona mama. Nikapanda gari la Handeni.

Leo ilikuwa siku yao ya kupokea wazazi, na kwenye matangazo yao walisema Hadija atakuwepo. Nilikaa nyuma na akina mama wa Kizigua waliokuja na mabinti zao. Hadija kaongea vizuri, bila karatasi, akaonyesha jinsi ya kutazama kope la mbuzi kujua kama ana minyoo. Watu walimshangilia. Mimi nilikuwa natafuta kasoro. Hereni zake. Mwendo wake. Nilitaka awe na dharau, ingenisaidia.

Alipomaliza nikamfuata nyuma ya zizi. Nikamwambia mimi ndiye niliyempigia simu kutoka Korogwe.

"Nilishasema sitaki, dada."

"Na mimi ni mke wa Mbwana."

Alinitazama usoni muda. Kisha akavuta benchi, akapangusa vumbi kwa kiganja. "Basi kaa."

Naandika alivyosema, nisije kesho nikaanza kuyalainisha. Mwaka wa pili, Mbwana alimwita ofisini, akamwambia somo lake ni gumu, njoo nyumbani nikuelekeze. Mbwana alikuwa kapanga chumba Manundu. Hadija hakwenda. Akaitwa tena, mara hii akaambiwa waziwazi anachotakiwa kutoa. Akakataa. Matokeo yakatoka, kafeli. Akarudia mtihani. Kabla hajaingia, Mbwana kamwambia mlangoni, "Bado una nafasi ya kufikiri." Akafeli. Akarudishwa kwao Kwashemshi.

"Baba yangu aliambiwa na chuo kwamba nilikuwa mzembe," kasema. "Hakuniuliza. Aliacha kuongea na mimi. Amekufa anaamini hivyo."

Handeni walimpokea, akaanza upya mwaka wa kwanza.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizi, na ana televisheni nzima.

"Niseme nini? Kila ninaposimama watu wanasema, yule wa mbuzi. Nimelipenda hilo. Sikutaka wabadilishe waseme, yule wa mwalimu." Kisha akaongeza, "Kwenye simu sikujua kama wewe ni mkewe. Ningejua, nisingekukatia vile."

Nikamuuliza ilikuwa mwaka gani. Akataja. Ni mwaka ule ule washenga wa Mbwana walipofika kwetu Mkumbara kuleta posa. Mama alisema tumepata mwalimu, mtu wa heshima.

Nilitapika nyuma ya zizi. Hadija alinishikia kanga yangu.

Njia nzima nilikuwa natafuta uongo wake. Labda Handeni wamemfundisha. Labda alifeli kweli. Tumefika Sindeni bado natafuta. Tumefika Korogwe sijaupata.

Jumapili, 27 Julai

Nuru nimemtuma kwa shangazi yake. Nikamwambia Mbwana nilikuwa Handeni.

Hakukana. Nilitaka akane. Kakaa kwenye kiti, akasema alikuwa kijana. Akasema siku zile walimu wote walikuwa hivyo. Akasema mbona Hadija mwenyewe amefanikiwa. Nikamsikiliza mpaka akaishiwa.

Kisha akauliza, "Umemwambia nani?"

Hapo ndipo nilipomwona. Hakuuliza Hadija anaendeleaje. Hakuuliza mimi nina hali gani.

Nikamuuliza, "Ndiyo maana hutaki Nuru asome pale?"

Nikauliza mara ya pili. Akainuka, akatoka nje, akasimama uani anatazama banda la kuku.

Basi si mambo ya ujana. Anajua kinachoendelea hadi leo.

Namchukia. Nimepika chakula chake na namchukia.

Jumatatu, 28 Julai

Nimekwenda kwa Mkuu kabla hajakaa vizuri. Nikamwambia bango halisimami, nikamweleza na sababu. Alifurahi kwanza, niliona, kwamba kumbe Mbwana hajanunuliwa na Handeni. Kisha likamwingia.

"Tusilikuze, Mama Nuru. Huu ni msimu wa udahili. Bango tutaliweka stoo, yaishe."

Nikamwambia sitaandika tangazo jingine la chuo hiki mpaka wasichana waulizwe. Kasema sina ushahidi, nina maneno ya mtu wa Handeni.

Nilitoka nikaenda mabwenini. Sikujua nitamwambia nini Bi Mwajabu. Alinisikiliza, akafunga kilemba chake, akavaa viatu. Tukarudi wote ofisini. Hakuomba kukaa.

"Si huyo mmoja, Mkuu," kasema. "Na si Mbwana peke yake. Nimewafungia mizigo wengi, wakilia. Nilikuwa naogopa kazi yangu. Sasa nimechoka kuogopa."

Mkuu kavua miwani. Hakuivaa tena mpaka tunatoka.

Ijumaa, 1 Agosti

Bodi imekaa. Mbwana amesimamishwa kupisha uchunguzi, na mwalimu mwingine wa idara yake pia. Wasichana wataulizwa mmoja mmoja na watu kutoka nje ya chuo.

Sijafurahi. Nimesikia walichosema ndani: wanaogopa Hadija atasema kwenye televisheni. Hilo ndilo lililowaharakisha. Angekuwa anauza nyanya Mombo, bango lingekuwa limesimama na Mbwana angekuwa anasahihisha mitihani.

Nimempigia Hadija kumweleza. Kasema, "Haya." Kisha, "Ahsante, dada." Hatukuwa na la zaidi.

Mbwana kaondoka jioni kwenda kwa kaka yake Vugiri. Nimemwambia nahitaji nyumba iwe na nafasi. Kabeba begi dogo. Mlangoni kasema nimemwangamiza. Nikafunga mlango.

Nuru nimemwambia yote. Hakulia. Kanikasirikia mimi, kisha baba yake, kisha mimi tena.

Jumatano, 6 Agosti

Mama kapiga simu kutoka Mkumbara. Kaambiwa na watu. Anasema nyumba haivunjwi kwa maneno ya mtangazaji. Nimemwacha aseme. Mwishoni kauliza kama Nuru anakula. Nikasema anakula.

Kazini wengine hawanisalimii. Wanasema nimeuza chuo kwa Handeni. Wale wale waliosema Mbwana kauza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mapumziko. Mji kimya, wengi wameshuka Tanga au wapo mashambani.

Tulikuwa uani, mimi na Nuru, tunachambua maharage. Tumeanza kuongea tena, ya kawaida tu, chumvi, sabuni. Mwanamke kapiga hodi. Simjui. Kitenge cha shambani, vumbi miguuni, mtoto mgongoni kalala. Nikadhani anauza kitu.

"Wewe ndiye mke wa Mwalimu Mbwana?"

Nikasema ndiyo. Nikajiandaa kutukanwa.

"Nimetoka Mombo," kasema. "Na mimi nilisoma pale. Nilifika mwaka wa pili." Akakomea hapo.

Nikampa kigoda changu, nikahamia kwenye mkeka. Akakaa pembeni pembeni, kama mtu atakayeondoka sasa hivi. Nuru akainuka kutupisha. Nikamwambia akae.

Yule dada hakuanza mara moja. Alichota maharage kwenye ungo akaanza kuchambua na sisi. Mtoto wake aliamka, akanyonya, akalala tena. Nikamwambia leo hatuna pa kwenda.